Rangi ya Mwanahamisi Ukutani

Jumamosi usiku

...maana plasta haishiki juu ya rangi ya mafuta, ndivyo alivyonieleza Sefu wangu, roho yangu, huku akiutindua ukuta wa bafu tuje tuweke marumaru. Nilikuwa namfuta vumbi usoni kwa pindo la khanga, nikajiona hapa Nguvumali hakuna mke mwenye bahati kama mimi.

Ndipo akaingia Mwanahamisi, mtalaka wake, kufuata vyombo vyake vya jikoni. Akasimama akiutazama ukuta. Ile rangi ya waridi aliipaka yeye, akiwa na mimba.

"Si mngengoja nikatoka na sufuria zangu?"

"Dada, tunakutoa pamoja na rangi yako," nikamjibu.

Sefu akaangua kicheko, wala hakugeuka kumtazama. Akazidi kugonga, vipande vikimwangukia yule mwanamke miguuni.

Nilicheka naye, kisha moyo ukanishuka. Kumbe ndivyo anavyo...

Sasa amelala, mzuri kama malaika. Nampenda, na namwogopa. Kabla mwezi haujaisha nitakwenda Chumbageni kwa Mwanahamisi, nimuulize ni kwa lipi Sefu alianza kumchoka.