Kipande Namba 214

Zorka, mbona hupokei simu? Basi soma.

Nimempeleka Mama kula kwenye ile hoteli ya hawa wanaokuja kuteleza kwenye theluji. Ndiyo, kwenye lile jengo la mgodi uliofungwa. Miaka yote alikataa, leo katimiza themanini akakubali mwenyewe.

Mlangoni dada mmoja akapokea koti la Mama, akampa kipande cha shaba cha kulichukulia. Zorka, ni vile vipande vya wachimbaji. Vile ambavyo kila mmoja alikuwa na namba yake, wakivitundika ubaoni wakishuka, wakivihamisha upande wa pili wakitoka.

Mama akakigeuza. 214.

Cha Baba. Kati ya vyote, cha Baba.

Yule dada akamtania, "Bibi, usikipoteze, koti lako halitatoka."

Halitatoka. Anamwambia Mama, ambaye mumewe yuko chini mpaka leo, tangu mwamba uporomoke.

Nikasema Mama twende nyumbani. Hata hakunisikia. Akamuuliza yule dada kwa upole, "Mwanangu, ule ubao wenyewe mliutupa?"

Kumbe wameufanya pambo, juu ya chupa za mvinyo. Maandishi bado yapo: WALIO CHINI, WALIOTOKA.

Akavuka ukumbi na mkongojo wake, watu na mabuti yao makubwa wakimpisha. Akakitundika upande wa waliotoka. Akakataa kukitoa tena. Koti tumeliacha hukohuko, nimemvika langu.

Lakini Zorka, kabla hatujaondoka aliweka kiganja juu ya kile kipande, akasema kama anamfungulia Baba mlango:

"Umechelewa, Ludvik. Chakula kimepoa."