Asiyeshuka Ngazi za Wamori

Jumatatu, 6 Mei

Nimeficha mambo mawili. Muda uliobaki ni mfupi, kwa hiyo nayaandika.

La kwanza: moyo wangu umechoka. Daktari wa mjini Teruel alisema nisitarajie kuona mavuno ya zeituni. Nieves, binti yangu, hajui. Akijua atanihamishia kwake jijini Zaragoza, ghorofa ya saba, nife nikitazama lifti.

La pili halijui mtu yeyote, hata marehemu mke wangu hakujua. Sijui kuendesha baiskeli.

Baba alikuwa mwalimu, nami nikawa mwalimu. Baiskeli ilikuwa kitu cha mtoto wa muuza mkate. Nilitembea kwa miguu, vitabu kwapani, na watu wakaiita heshima. Nilipostaafu nikaandika kijitabu kuhusu njia ya kale ya kijiji chetu – ile inayopanda mpaka kanisa dogo la Santa Quiteria, kisha ikateremka upande wa pili kwa Ngazi za Wamori, mawe yaliyopangwa na Waislamu wa kale kwenye ukingo wa genge. Ndipo chama cha baiskeli kikanialika kwenye karamu yake. Mvinyo ukapanda kichwani, nikasimama na kusema: “Asiyeshuka Ngazi za Wamori kwa magurudumu mawili hajaijua nchi yake.”

Makofi. Wakaichapa kwenye fulana. Ipo mpaka leo, na jina langu chini: Mwalimu Leandro.

Alhamisi, 9 Mei

Tumemzika Eusebio. Pale makaburini kila mtu alinitazama mimi. Nilidhani ni huruma.

Kumbe ni hesabu. Ginés, mwenye bucha na mwenyekiti wa chama, akanishika kiwiko: “Mwalimu, sasa ni zamu yako.”

Tangu enzi za mababu, siku ya kuhiji Santa Quiteria, mzee kuliko wote hutangulia na ni mwiko kumpita. Chama kiliichukua desturi hiyo kikaitia kwenye mbio zake za baiskeli za milimani, maana kwetu hapa hakuna jambo la kipuuzi linaloruhusiwa kukosa utakatifu. Eusebio alitangulia miaka yote. Aliendesha kama shetani, Mungu amrehemu.

“Miguu yangu haina nguvu,” nikasema.

“Tutakushika huku na huku mpaka juu,” akasema Ginés. “Wewe kaa tu.”

Honorio, anayenifuata kwa umri, alikuwa nyuma yetu na kofia mkononi. “Ukijisikia vibaya, Leandro, usione haya kusema. Mimi nipo.” Ananisubiri kwa adabu, kama mtu anayesubiri meza mgahawani.

Jumanne, 14 Mei

Nimejaribu baiskeli ya chama ghalani, mlango nimeufunga. Nimeangukia magunia ya lozi. Nieves amekuja mapema kwa ajili ya sikukuu, na alikuwa jikoni.

“Baba, nini hicho?”

“Paka.”

“Paka gani anatukana hivyo?”

Nikinyamaza, Jumapili, siku ya mbio, nitaanguka mbele ya mkoa mzima. Nikisema la moyo, nitaepuka mbio ila nitakwenda kufia Zaragoza. Nikisema la baiskeli, Honorio atatangulia na kijiji kitacheka mpaka Krismasi. Nikifa kabla ya hapo, watachekea mazishini.

Jumamosi, 18 Mei

Wageni wamejaa. Wanaume wazima, wahasibu na madaktari wa meno, wamevaa nguo za kubana zinazosema yote. Bwana mmoja wa Valencia anaonyesha watu baiskeli yake – nyepesi, anainyanyua kwa kidole. Uzito uliopungua kwenye baiskeli umehamia tumboni.

Nieves ameniletea helmeti. Nilitumaini isinitoshe. Imenitosha.

Jumapili, 19 Mei

Naandika nimekaa juu ya jiwe, nje ya kanisa dogo. Padre anabariki matairi, moja moja, kabla ya kushuka. Ameanza na ya wageni, nashukuru. Nieves ameniacha hapa akaenda kumtafuta Ginés. Mabega yake yanatikisika, na kwa nyuma siwezi kujua kama analia au anacheka.

Tulipanda vizuri. Ginés kulia, ndugu yake kushoto, mimi katikati kama sanamu ya mtakatifu. Nyuma yetu msururu wote, hakuna wa kupita, jua kali. Nilimsikia yule wa Valencia akiuliza, “Huyu mzee anakwenda wapi kwa mwendo huu?” Mmoja wa kwetu akamjibu, “Mbinguni, ila anapitia Santa Quiteria kwanza.”

Juu tukala mayai ya kukaanga na soseji, na mvinyo. Ndipo Ginés akafuta midomo akasema: “Sasa, Mwalimu, ngazi ni nyembamba, hatuwezi kukushika. Utashuka mwenyewe, sisi nyuma.”

Nikasimama. Nikasema la moyo.

Lilitoka kirahisi, kama kuagiza kahawa. Uma zikatulia. Helmeti zikavuliwa. Honorio akafanya ishara ya msalaba – mapema kidogo, nadhani. Nieves akaweka sahani chini, akaja kunishika mkono, akasema leo hii tunafunga mizigo, twende Zaragoza. Nikaona nimelipa bei, angalau nimeepuka ngazi.

Ginés akapanda juu ya benchi, machozi yanamtoka. “Mmesikia, jamani. Basi Mwalimu atashuka peke yake, mbele yetu sote. Hiyo ndiyo haja ya moyo wake. Si tumeivaa hapa vifuani?”

Watu wazima wakalia. Yule wa Valencia akanisukumia baiskeli yake mwenyewe. “Tumia hii, mzee wangu. Breki zake ni nzuri mno.”

Nikamtazama Nieves anikataze. Akanifungia kamba ya helmeti, taratibu, kama nilivyokuwa nikimfungia viatu. “Nenda, Baba,” akasema. “Kama umelitaka hili maisha yako yote, mimi ni nani nikuzuie?”

Nikamvuta nyuma ya ukuta wa kanisa.

“Nieves. Sijui kuendesha baiskeli.”



“Tangu lini?”

“Tangu nizaliwe.”