Nyumba Niliyowaonyesha Polisi

Temeke, 1952

Wifi yangu Mwanabaraka,

Salamu nyingi kwako na kwa mwanao mchanga. Huku mvua imenyesha, na muhogo wako umestawi.

Kondo hajaja Kilwa kuwachukua kwa sababu amefungwa. Unajua mume wangu Hilal alivyozama kwenye kamari. Serikali imepiga marufuku nyumba za karata, basi nikawaonyesha polisi anakochezea, nikitumaini wakimkamata ataogopa na kuacha. Kumbe siku hiyo kaka yangu Kondo alikuwa ameingia mle kumbembeleza shemeji yake arudi nyumbani. Askari walipovamia, Hilal aliruka dirishani. Kondo alibaki amesimama, maana hakuwa na kosa. Hakimu hakumwamini.

Jana nilikwenda kumwona gerezani. Akaniuliza, “Dada, nani aliyetusemea?”

Nikamjibu, “Sijui.”

“Yeyote yule, msimlaani. Angalau shemeji ameacha.”

Kweli, Hilal ameacha. Siku hizi anashinda nyumbani, nami siwezi kumtazama usoni. Kondo nimeshindwa kumwambia, ndiyo maana nakuandikia wewe. Ukimwambia, sitakulaumu.

Mimi wifi yako, nisiyestahili kuitwa hivyo,
Tunu