Mwaka Bila Mzee Hodi wa Idara ya Maji

Baba, mwaka umezunguka tangu ulipotutoka, na kusema kweli tumechoka. Siku za msiba watu walikuwa wengi wa kutubeba. Zilizofuata tumejibeba wenyewe.

Miaka ishirini na sita katika idara ya maji, hukuwahi kuandikia ofisi nyingine barua kabla ya kwenda mwenyewe kwa miguu. Ulipiga hodi kwa mlinzi, ukamjulia hali, ukapita kwa karani, ndipo ukaingia kwa mkubwa. Wenzako wakakubandika jina, Mzee Hodi. "Barua ikimkuta mtu asiyekujua, inalala," ulikuwa ukisema. Ulipochelewa kurudi Mama alikununia chakula kikipoa, nawe ukamjibu, "Mwenda bure si mkaa bure." Basi anacheka, hasira zimekwisha.

Miezi miwili baada ya kukuzika, watu wa barabara walichimba mtaro wakakata bomba kubwa la mtaa wetu. Zamani wangekupigia simu kwanza. Safari hii watu wa maji wakaandika barua, wa barabara wakajibu kwa barua, kila mmoja akamsubiri mwenzake. Siku tisa bila maji! Shangazi, na miguu yake ile, alibeba ndoo kutoka mtaa wa pili.

Siku ya kumi Mama alichukua simu yako akawapigia mainjinia wote wawili, wa maji na wa barabara. "Shemeji, mimi mabomba siyajui. Najua tu mume wangu alikuwa anakuja kwenu. Sasa njooni nyinyi kwangu."

Wakaja, wakakaa kochi moja, kila mtu anatazama chai yake. Miaka minane wanahudumia mtaa mmoja, na hakuna aliyekuwa na namba ya mwenzake. Wote walikuwa na yako. Hapo tulikukasirikia kidogo, Baba. Ulijuana na kila mtu, ukasahau kuwajulisha wao kwa wao.

Maji yalirudi kesho yake. Lakini wageni nao hawakukoma. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi walikuja na ramani zao, wakazitandaza mezani, na Mama akawachemshia chai huku macho yanajifumba. Mwezi uliopita alishindwa.

"Shemeji zangu, nimechoka. Mmeshajuana sasa. Tembeleaneni."

"Na tukikwama?" akauliza yule wa barabara.

"Mtakwamuana."

Jumamosi hii hawakuja. Walikutana wenyewe, ofisini kwa watu wa maji. Mama akalala mchana kutwa, usingizi alioutamani mwaka mzima. Alipoamka alikuta sebule kimya, hakuna anayekutaja, akalia kuliko alivyolia siku ya mazishi. Ndipo tulipojua kwamba umekwenda kweli.

Unakumbukwa na mkeo, dada yako, sisi wanao watatu, wajukuu zako, na mainjinia wawili walioomba watajwe hapa pamoja.

Pumzika, Baba. Maadamu tunapumua, hutasahaulika.