Matone Ndani ya Damu Yangu

Mpendwa Mwaitu, mama yangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi ya hospitali hapa Machakos. Unakumbuka asubuhi ile nyumbani Wamunyu, ukimpiga msasa twiga aliyechongwa na baba, ukatema damu kwenye vumbi la mbao? Nilipiga kelele. Ukasema, "Ni fizi tu. Enda uangalie maharagwe." Nikaenda, kwa sababu nilikuamini. Mvua za kwanza zilitukuta tumeshakuzika.

Majuzi nilikuwa nikipiga mswaki, nikaona damu yangu kwenye sinki. Nilijua kabla sijapimwa. Saratani ya damu, kama yako.

Daktari, binti anayetoka Kyumbi, mwenye subira, alinieleza kwamba ndani ya seli jeni mbili zilikatika zikaungana vibaya, zikatengeneza protini zisizofaa. Protini hizo huvutana na kukusanyika, kama matone ya mafuta juu ya mchuzi. Matone hayo hujibandika kwenye jeni zilizopaswa kuzimwa, yakaziwasha. Basi seli changa za damu hazikomai. Zinaongezeka tu.

"Kwani hakuna dawa ya kuyeyusha hayo matone?" nikamuuliza.

"Inatafutwa, mama. Kwa sasa tuko na kemo, dawa ya kuua hizo seli."

Swali langu kubwa lilikuwa lingine. Nilitaka kujua kama nimeurithi ugonjwa huu kwako, na kama Mbithe, binti yangu mwenye jina lako, ataurithi kwangu. Akasema jeni kuvunjika hivi kwa kawaida hutokea mtu ameshazaliwa, hakurithishwi. Nililia mbele yake bila haya.

Lakini woga haujaniacha, Mwaitu. Naogopa sindano. Naogopa kufumba macho, nikijua hayo matone yanaendelea na kazi yao bila kuniuliza. Na niliogopa zaidi kumwambia Mbithe. Jana aliniona nimeketi jikoni bila kuwasha jiko.

"Mum, unaumwa nini?"

Nikamwambia yote, hata sehemu nisizozielewa, na kwamba leo naanza kemo. Aliwasha jiko. Kisha akauliza, "Kesho tunatoka saa ngapi?"

Sasa yuko hapa kando yangu na sweta yake ya shule, amenishika mkono hadi unauma. Muuguzi ameita jina langu. Mbithe amesimama kabla yangu.

Nimeshikwa na hofu kuu, Mwaitu. Naingia.

Binti yako,
mama yake Mbithe