Siku Bosi Naye Alipoisemesha Kamba

Mama yangu,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini mdomo umezoea, siwezi kuanza bila hiyo.

Mama wee! Laiti ungekuwepo Jumanne. Mwili bado unanisisimka.

Unakumbuka Bosi alivyokuja hapa Juani kununua mwani, na kile kitabu chake cha Wazungu cha uongozi unaotunza watu na bahari. Kitabu kilitaka kiongozi akae na wafanyakazi, kila mtu amweleze kosa lake waziwazi. Mimi mkalimani nikatafsiri. Kina mama wote: "Hewala Bosi, hakuna neno." Aambiwe usoni, na nani? Hata yeye akaninong'oneza kwamba kwao Indonesia nako hakuna wa kumkosoa mkubwa mbele za watu. Alikata tamaa kabisa. Wewe ukamkalisha mkekani tukifunga mbegu za mwani kambani, ukaanza kuisema kamba badala yake: "Kamba wee, unatupimia mwani jua la utosi, hujui tuna watoto nyumbani?" Tulicheka mpaka basi! Kesho yake kupima kukahamia asubuhi. Kitabu hakikutupwa, ila kikao kikawa chetu, cha kuisemesha kamba.

Tulipokuzika nilidhani umeondoka nacho. Pale pako mkekani hakukaa mtu. Tukafunga mbegu kimya miezi mitatu, na Bosi akadhani tumeridhika. Akapanga kupiga vigingi vya shamba jipya la mwani kule penye majani ya bahari, samaki changu wanapozalia. Mama, tungebaki na mchanga mtupu, wanetu wangekula nini? Nililijua hilo, nikanyamaza. Niliogopea kazi yangu. Nisamehe.

Jumanne ndiyo vigingi vilikuwa viende. Nikaketi pale pako, nikasema: "Kamba, kule si kwako. Ukienda, hatukufuati." Shangazi akadakia, kisha wote wakafuata. Bosi kainamisha kichwa. Mara akaokota kamba yake, akaishika kwa mikono miwili, akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Kamba, mimi hapana kujua. Sasa mimi haendi." Subhanallah! Mtu mkubwa yule, mama, mbele yetu sote. Vigingi vikarudi ghalani kabla jua halijakaza.

Alasiri akamwomba Mjomba ampeleke kwako makaburini. Mjomba anasema Bosi alisoma Fatiha, kisha akachuchumaa muda mrefu. Mjomba akamuuliza kama kuna lililobaki. Akajibu, "Nasubiri. Labda yeye ana neno na mimi."

Nimelia sana niliposikia. Sikujua mtu aweza kuondoka duniani na bado akasubiriwa aseme.

Kwaheri mama yangu, Mungu akupanulie kaburi lako. Likitokea baya tena sitangoja aanze mwingine. Nakuahidi, hata kazi ikiondoka, nitasema.

Mwanao,
Mwanaidi