Mlango Niliotokea Bagamoyo

Likasi, Jumapili

Bado nacheka peke yangu. Vitenge vya biashara nilivyonunua Dar sijafungua hata kimoja, mume wangu amenuna. Na anune!

Zamani sana msichana wa ukoo wetu, Numbi, alichukuliwa na msafara wa watumwa, asirudi. Mimi nilipewa jina lake ili arudi nyumbani kwa njia hiyo. Ndiyo maana bibi yangu wa mtaa wa Panda namwita Kambo, yaani bibi, naye ananiita Kambo, kwa kuwa nabeba jina la bibi yake wa zamani.

Basi pale Bagamoyo, nilikokwenda kutembea kutoka Dar, ndani ya ngome, kiongozi wa wageni alitupeleka kwenye mlango wa upande wa bahari. "Waliotokea hapa hawakurudi makwao," akasema. "Haya, tupite jamani." Wote wakapita.

Mimi nikakataa! Niligeuka mbio, nikatokea kule kule nilikoingilia, nikiita jina langu kwa sauti. Watu wakanipiga picha. Aibu niliona, lakini...

Leo nilikwenda kumsimulia bibi. Nilikuwa na hofu atasema nimewachezea wafu.  Nilipomaliza akainuka kitini, na magoti yake yale mabovu, akanipaka pemba, udongo mweupe wa wahenga, kwenye paji la uso.

"Batoto, mulete mayi ya kunawa!" akaita. "Numbi alirudia ku nyumba."

Akanishika mikono yote miwili.

"Kambo, ulikawia sana."